Saikolojia ya Utapeli (3): Aibu Humlinda Tapeli

Katika makala mbili zilizotangulia tuliona jinsi tapeli anavyotumia haraka na vyeo kumnyima mtu nafasi ya kufikiri. Leo tuitazame silaha yake kali zaidi, nayo ni jirani yako mwema. Wengi walipigwa na butwaa Aprili 2025 lilipoanguka jukwaa la uwekezaji wa mtandaoni la CBEX, lililowaahidi watu wa Nigeria na Kenya kwamba pesa zao zingeongezeka maradufu kwa siku 30. Aliyesoma historia hakuwa na sababu ya kushangaa.

Mwaka 1920, mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alidai kwamba ananunua kuponi za posta kwa bei rahisi Ulaya na kuzibadilisha kwa stempu za bei ya juu nchini Marekani. Tofauti hiyo ya bei ilikuwepo kweli, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Clarence Barron, bingwa wa habari za fedha, akapiga hesabu: biashara hiyo ingehitaji kuponi milioni 160, ilhali zilizokuwa zikizunguka ni kama 27,000 tu. Hesabu ikachapishwa gazetini. Watu wakafurika kudai chao, Ponzi akawalipa, na wengine walipoona wenzao wanalipwa wakaziacha fedha zao palepale. Ushuhuda wa macho uliishinda hesabu. Robert Cialdini, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kwamba mtu asiye na uhakika huwatazama wenzake wanafanya nini. Aliyelipwa mwezi wa kwanza hasemi uongo. Ni shahidi mkweli wa jambo la uongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mradi wa upatu wa DECI nchini Tanzania hadi mwaka 2009: wachungaji waliiongoza, mchango ukaitwa mbegu, na waumini wakaitana.

Wapo watakaosema kwamba walioibiwa waliponzwa na tamaa yao: tamaa mbele, mauti nyuma. Kauli hiyo haitoshi. Masika yakiingia, hoteli za Diani, Kaunti ya Kwale, hupunguza wafanyakazi, na karo haisubiri watalii warudi. Mzazi wa Ukunda anayetafuta karo ana shida, na shida si tamaa. Ubaya zaidi ni kwamba methali hiyo humfunga mdomo aliyeibiwa. Akinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, jirani yake ataingia mtego uleule kesho. Tunapomcheka aliyetapeliwa tunamfanyia tapeli kazi yake.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, lakini sheria huja nyuma. Wakenya walipoteza shilingi bilioni 8 hivi katika upatu wa miaka ya 2006 na 2007 kabla ripoti ya kikosi kazi cha serikali kilichouchunguza haijatoka. Kinga ya kwanza iko mtaani, na ni hesabu. Upatu huwalipa wa kwanza kwa pesa za wanaofuata: mtu mmoja akileta wawili, na kila mmoja wao wawili, ngazi ya 20 pekee itahitaji watu 1,048,576. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti nzima ya Kwale. Chama cha akina mama hakina tatizo hilo: wanachama wanajuana, zamu inajulikana, na anachopokea mtu ni kile walichochanga wenzake, wala hakuna anayeahidi kwamba pesa itazaa yenyewe.

Kwa hiyo nawasihi maimamu, wachungaji, wazee wa mtaa na viongozi wa vyama: tengeni nafasi katika kila kikao ili aliyetapeliwa aeleze yaliyomkuta bila kukatizwa wala kuchekwa. Nawe msomaji, ukiletewa mradi na mtu unayempenda, usimuulize kama amelipwa. Muulize pesa inatoka wapi, na kama mradi una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Akikosa jibu, usitoe hata shilingi, na umsihi naye aziondoe zake.