Muziki wa Ukanda wa Shaba (5): Bendi za vijana na filamu tunayoidai

Redio na magazeti yamekwisha kutangaza kwamba mwongozaji wa Kiingereza, Sam Mendes, anatengeneza filamu nne kwa pamoja kuhusu Beatles, kila mwanamuziki na filamu yake, na kwamba zimepangwa kutoka Aprili 2028. Msomaji mmoja wa makala hizi ameniuliza watu wa Liverpool wanatuhusu nini sisi wa mkoa wa Lualaba, Kongo. Wanatuhusu sana, na tangu sehemu ya kwanza nilikuwa nangoja nafasi ya kulieleza jambo hili.

Mwaka 1957 John Lennon alikuwa mvulana wa miaka 16 mwenye kikundi cha wanafunzi wenzake kilichoitwa Quarrymen. Walikuwa na ngoma, banjo, besi iliyoundwa kwa sanduku la majani ya chai, na gitaa la Lennon mwenyewe. Gitaa hilo, la bei ya chini, lilikuwa aina ya Gallotone Champion, na lilitengenezwa Afrika Kusini. Ndani yake palikuwa na kibandiko cha kumhakikishia mnunuzi kwamba mbao haitapasuka. Ndilo alilolishika tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa mtaani Woolton, siku alipokutana na Paul McCartney mwenye miaka 15. Mwaka 1999 lilipigwa mnada London na kununuliwa kwa zaidi ya pauni 150,000. Ujana huo tayari una filamu yake, Nowhere Boy ya mwaka 2009, na sasa zinaongezwa nne.

Gallo, kampuni yenye gitaa lile, ndiyo iliyotoa sahani za santuri za Mwenda Jean-Bosco wa Bunkeya. Na Mwenda ndiye aliyetangulia. Yeye alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, miaka mitano kabla ya sherehe ile ya Woolton.

Habari za Bunkeya nimekwisha kuzieleza: ufalme wa Msiri, Wayeke waliotoka Unyamwezi wakifuata shaba, kuuawa kwa mfalme Desemba 1891, na jinsi Kiswahili kilivyoingia kwetu pamoja na misafara kabla hakijawa lugha ya kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Mwenda alizaliwa huko mwaka 1930. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei Hugh Tracey alipofika na mashine yake ya kunasa sauti. Tracey, Mwingereza aliyefanya makao Afrika Kusini, alizunguka nchi nyingi akirekodi ngoma za vijijini, na angeweza kumpita kijana wa mjini mwenye gitaa akimwona ni mwigaji wa Wazungu. Hakumpita. Alirekodi nyimbo zake, na mmojawapo, Masanga, ukavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki na ya Kati.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kutembea kwa hatua zisizobadilika. Kidole cha shahada kilicheza juu yake kwa mwendo mwingine, mara kikitangulia, mara kikichelewa, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Mtaalamu David Rycroft aliuchambua upigaji huo sauti kwa sauti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1979 mwanamuziki wa Kiingereza, John Low, alisafiri hadi Lubumbashi ili akae miguuni pa Mwenda, Losta Abelo na Edouard Masengo ajifunze, na mwaka 1982 kitabu chake Shaba Diary kikachapishwa Vienna. Mzee wetu alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Wageni walikuja kutoka mbali kujifunza kwake. Sisi tuliokaa naye mtaa mmoja hatukumpeleka hata mtoto mmoja wa shule akaangalie vidole vyake. Hilo linaniuma, na sitaacha kulisema.

Aliimba kwa Kiswahili, kwa hiyo Nairobi ilimpokea kama mtoto wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa huko akiimba matangazo ya dawa ya Aspro. Binamu yake Masengo alimfuata akakaa miaka kadhaa. Wazee wa Kenya waliopiga magitaa makavu, wale wa nyimbo za Kiluhya na za Kiswahili cha mitaani, walisikia vidole hivyo wakavichukua. Msomaji wa Mombasa au Kisumu anayedhani gitaa la Kongo ni Lingala na Kinshasa peke yake, ajue kwamba babu yake alianza kulisikia kwa lugha yake mwenyewe, kutoka migodini kwetu.

Na hapa ndipo bendi ya vijana inapoingia. Masengo alitokea katika kikundi. Katika miaka ya 1950, kwenye mtaa wa Kenya mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, palikuwa na vijana waliojiita Jeunes Comiques de la Kenya, kwa kifupi JECOKE. Waliimba, walicheza, walifanya vichekesho na sarakasi, na uimbaji wao wa sauti nyingi ulikuwa na harufu ya Afrika Kusini. Si ajabu, kwa sababu reli ya kusini ilifika mjini humo tangu 1910, na pamoja na makaa ya mawe ilileta wafanyakazi wa Rhodesia na Nyasaland, santuri zao, mavazi yao na mabuti ya kuchezea. Ninapofikiria JECOKE namwona mvulana wa kambi ya Union Minière: baba anaamka kwa king'ora, mama anapanga foleni ya posho, padre anataka aimbe kwaya, bwana wa kambi anataka alale mapema, na yeye anataka kwenda kufanya mazoezi na wenzake. Filamu nzima imo humo, haihitaji kuongezewa chumvi.

Tunazo filamu gani basi? Papa Wemba peke yake anatosha kutuonyesha njia. Desemba 1969 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha Zaiko Langa Langa mjini Kinshasa. Baadhi yao, kama Evoloko na Nyoka Longo, walikuwa hawajafika miaka 18. Mwaka 1987 alishika nafasi ya kwanza katika La Vie est Belle, hadithi ya kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki, iliyoongozwa na Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Na mwaka 2012, akiwa mzee wa sanaa, alionekana katika Kinshasa Kids ya Marc-Henri Wajnberg, ambamo watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi wanaunda kikundi cha muziki wakisaidiwa na mwanamuziki Bebson. Mmoja wa watoto hao, Rachel Mwanza, mwaka huohuo alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike mjini Berlin kwa filamu nyingine, Rebelle. Kinshasa Kids ni filamu nzuri na kila mzazi anayemwita mtoto wake mchawi alazimishwe kuitazama. Lakini ni ya Kinshasa, na aliyeshika kamera ni mgeni.

Sisi wa Lualaba jina letu lilikwenda kwenye sinema kwa njia ya bunduki. Mwaka 1980 Wafaransa walitoa La Légion saute sur Kolwezi, kuhusu vita vya Mei 1978, na hata hiyo haikupigwa Kolwezi. Ilipigwa Guyane, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Tangu hapo kamera zimerudi kwa ajili ya kobalti. Wanapiga picha mashimo, wanapiga picha mtoto anayeosha mawe, kisha wanaondoka. Mtoto huyo jioni anaimba, na kuimba kwake hakumo katika picha zao.

Filamu tunayoidai, ya bendi ya vijana wa kwetu, naona ianzie Dilolo, mji wetu wa mpakani na Angola. Reli ya Benguela ilifika mpakani mwaka 1929, ikaunganishwa na ya kwetu Tenke mwaka 1931, na shaba ikapata njia ya kwenda Lobito. Vita vya Angola viliikata mwaka 1975. Machi 1977 askari waliotoka Angola waliingia hapo Dilolo, wakapita Kisenge na Kasaji hadi Mutshatsha. Mwaka 2018 treni ya manganizi ya Kisenge ilivuka tena mpaka, na sasa wakubwa wa dunia wanazungumza habari za njia ya Lobito kila wiki. Mji umeona yote: karani wa reli, mkimbizi, askari, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Luau, ng'ambo ya mpaka.

Na kabla ya reli Dilolo ilikuwa na shule yake ya ujana. Wachokwe na jamaa zao huwaingiza wavulana mukanda. Wanatahiriwa, wanakaa kambini porini mbali na mama zao, wanafundishwa nyimbo, ngoma na vinyago, na siku ya kutoka wanacheza mbele ya kijiji kizima. Mukanda hauna mvulana anayekua peke yake. Wanakua kikundi, na kikundi kinafungwa kwa wimbo. Wazee waliosimamia walijua kwamba kijana wa umri ule ana nguvu zisizojua pa kwenda, wakazipa mdundo na nidhamu. Leo kambi zimepungua, au zimefupishwa ziingie likizo ya shule, na tulichoweka badala yake ni nini? Pombe ya lutuku, simu, na shimo la madini.

Karibu na kituo cha reli cha Dilolo niliwahi kusimama kuwaangalia wavulana wanne na karindula yao. Msomaji wa mbali huenda hajaiona: ni banjo kubwa ambayo tumbo lake ni pipa la mafuta. Walikuwa wamelikata pipa, wakalowesha ngozi ya mbuzi usiku kucha, wakaivuta mdomoni mwa pipa ikiwa bado mbichi na kuipigilia pembeni. Shingo ilikuwa ubao mrefu wa mti mgumu. Nyuzi nne walizipata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, na daraja la nyuzi lilikuwa kipande cha mbao kilichochongwa kwa kisu cha jikoni. Mpigaji alisimama, maana chombo kile kilikuwa karibu kumfikia kifua, na mwenzake alipiga sanduku la mbao kwa vijiti. Nilimwuliza mkubwa wao nani aliwafundisha. "Hapana mtu, Papa," alinijibu. "Tuliangalia wakubwa, kisha tukajaribu." Alikuwa na umri kama wa Lennon wa Woolton, na chombo chake alikiunda mwenyewe.

Karindula ina watu wake Lubumbashi, na mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa The Karindula Sessions, sauti na picha pamoja, ikiwa na vikundi kama Bena Ngoma na Bana Lupemba. Tena Ubelgiji! Nawashukuru kwa dhati. Ila nauliza kwa nini jalada la muziki wetu lazima daima lifunguliwe na mtu wa mbali.

Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni ilikuwa na shule, viwanja na kumbi za wafanyakazi. Ulikuwa ulezi wa kibwana na sitausifu, lakini kijana alikuwa na mlango wa kuingilia. Kampuni ilipoanguka, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaachishwa kazi mwaka 2003 na 2004, milango ile ilifungwa na watoto wengi wakaifuata njia ya shimo. Kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi, baada ya madini kuonekana chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba hadi sebuleni.

Sasa sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Shule na visima vitangulie, sibishi. Baada ya hivyo, kamati zinazogawa fedha hizo ziandike humo chumba kimoja cha muziki Dilolo, kimoja Kasaji, kimoja Kolwezi, na kamera moja ya maana kwa kila chumba. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Wizara ya elimu ya mkoa iombe nakala za nyimbo za Katanga zisikike madarasani, kwa jina la mwimbaji na la kijiji chake.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto anayeokota pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi msimpige, na msimwite mhuni. Mwulizeni anafanya mazoezi wapi na na nani, mpeni saa ya kurudi nyumbani, kisha mwacheni apige.

Na kwenu wazee: mwenye sahani ya Mwenda, ya Masengo au ya Losta Abelo, mwenye picha ya JECOKE au ya bendi yoyote ya kambi, asiitupe wala asiiuze kwa mpita njia. Andikeni nyuma ya picha majina ya walioonekana na mwaka mnaoukumbuka, mkaiweke nakala parokiani au shuleni. Atakayeitengeneza filamu hiyo huenda sasa yuko darasa la tano pale Dilolo, na atahitaji vitu hivyo.