Fuso inakohoa kwenye Ngomo: pima presha ya mazutu mbele ya kununua enjektere

Kila shofere anayetoka Kamanyola kuja Bukavu anaijua milima ya Ngomo. Kule chini, kwenye uwanda wa Ruzizi, gari inakimbia vizuri na mzigo wake wa mchele. Kisha mlima unaanza. Kona ya kwanza inapita, ya pili inapita, na hapo motere inaanza kukohoa: inakamata, inaacha, inakamata tena. Shofere anapunguza vitesi, anakanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini nguvu haiko. Konvoyere anaruka chini na jiwe mkononi ili aliweke nyuma ya tairi. Wamama wenye mizigo waliokaa juu wanaanza kuulizana kama washuke ao wabaki.

Hii si shida ndogo. Motere ikizimika, kompresere inayojaza hewa ya freni inazimika nayo, na usukani unakuwa mzito. Gari yenye mzigo kwenye mteremko, bila motere, inaweza kurudi nyuma. Hata ikisimama salama, inafunga barabara nyembamba, na kulala njiani katika sehemu zetu ni jambo ambalo hakuna anayelitaka.

Kesho yake gari inafika garaje, na mara nyingi jibu linatoka hata kofia ya motere haijafunguliwa: "Enjektere zimekufa." Mwenye gari anatafuta pesa, ananunua enjektere, gari inarudi barabarani, na kwenye kona ileile inakohoa tena. Pesa imeenda, ugonjwa umebaki.

Ukurasa huu unaeleza namna ya kujua kama motere inakosa mazutu mbele ya kugusa piesi za bei kali. Chombo kinachohitajika ni manometre, saa ya kupima presha. Bei ya manometre moja haifiki bei ya enjektere sita.

Mazutu inapita wapi?

Tuchukue mfano wa Fuso za zamani zenye motere ya 6D14 ao 6D16, zenye silinda 6, ambazo mafundi wetu wengi wamezizoea. Mazutu inatoka kwenye tanki, inapita kwenye tiyo mpaka kwenye pompe ndogo ya kulisha. Ile pompe ndogo iko na pompe ya mkono pembeni, ile tunayoipiga wakati wa kutoa hewa. Inanyonya mazutu kutoka tanki na kuisukuma kwenye filtre. Kutoka filtre, mazutu inaingia kwenye pompe kubwa ya enjeksio, ambayo inaipeleka kwa kila enjektere kwa zamu yake. Ile inayobaki inapita kwenye vali ya kurudisha na kurudi tanki.

Kwa hiyo kuna presha mbili, na ni lazima kuzitofautisha. Ya kwanza ni presha ndogo, ya kulisha: katika motere nyingi za aina hii iko kati ya bari 1 na bari 2,5. Ya pili ni presha kubwa, ile inayofungua enjektere, na katika motere za zamani inafika karibu bari 180 mpaka 220. Pompe kubwa haiwezi kutoa kile ambacho haijapokea. Kama upande wa kulisha uko na njaa, silinda zinapata mazutu kidogo, zingine zinapata hewa, na motere inakohoa hata kama enjektere zote ni mpya.

Juu ya nini ugonjwa unaonekana kwenye mlima na siyo kwenye tambarare? Kwenye ralanti motere inakula kidogo sana. Tiyo iliyozibika nusu inaweza kuilisha bila shida. Lakini gari ikibeba mzigo na kupanda, motere inaomba mazutu nyingi kwa wakati mmoja, na ile njia iliyozibika haitoshi tena. Ndiyo maana gari inayonguruma vizuri ndani ya garaje inaweza kufa kwenye Ngomo.

Anza kwa kuuliza, siyo kwa kufungua

Fundi mzuri anaanza na maswali. Motere inakohoa wakati gani? Kama silinda moja inakosa kila saa, kwenye ralanti na kwenye mlima, asubuhi na jioni, hapo uangalie ile silinda: enjektere yake, vali zake, komprezio yake. Lakini kama kukohoa kunakuja wakati wa mzigo tu, na hakuna silinda moja unayoweza kuinyooshea kidole, fikiria kwanza upande wa kulisha.

Angalia moshi pia. Motere yenye njaa ya mazutu inapoteza nguvu bila kutoa moshi mwingi. Kama inapoteza nguvu na moshi mweusi unajaa barabara, mazutu inafika lakini haiungui vizuri: angalia filtre ya hewa, turbo kama iko nayo, ao enjektere zinazomwaga.

Kuna alama ingine ambayo mashofere wengi wanaijua bila kujua sababu yake. Gari inazimika, wanasimama dakika kumi, wanaiwasha, inaenda vizuri, kisha inazimika tena mbele kidogo. Mara nyingi kuna uchafu ndani ya tanki: jani, kitambaa, kipande cha sasheti. Wakati motere inanyonya, ule uchafu unavutwa na kuziba mdomo wa tiyo. Motere ikizimika, unaanguka chini, na njia inafunguka.

Ao ni kofia ya tanki. Tanki lazima iingize hewa kadiri mazutu inavyotoka. Kama tundu la hewa limeziba udongo, ao kofia ilipotea na mkafunga na sasheti na kamba, pompe inanyonya mpaka inashindwa. Wakati motere inakohoa, simamisha gari kwa usalama na ufungue kofia. Ukisikia hewa inaingia "fyuu" na motere inapata nafuu, umepata ugonjwa bila kulipa hata franka moja.

Kufunga manometre

Zima motere. Safisha kwanza mahali utakapofungua, maana punje moja ya mchanga ikiingia pompe ya enjeksio inatosha kuiharibu. Manometre inayosoma kutoka 0 mpaka bari 10 inafaa. Inafungwa kwa rakori ya T, kati ya filtre na pompe ya enjeksio. Kisha toa hewa: legeza vis ya kutolea hewa, piga pompe ya mkono mpaka mazutu itoke bila mapovu, na ukaze.

Kama unataka kusoma presha gari ikitembea, tumia tiyo ndefu ya nguvu na ufunge manometre nje, karibu na kioo. Usiingize tiyo ya mazutu ndani ya kabini. Ikipasuka, itamwagikia shofere akiwa kwenye kona.

Soma mara tatu: kwenye ralanti, kisha motere ikizungushwa mbio bila mzigo, kisha gari ikiwa na mzigo kwenye mlima. Andika kila namba. Ile ya tatu ndiyo yenye kusema kweli. Kipimo cha haki ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha motere yako, lakini hata bila kitabu, namba inayoanguka wakati wa kupanda inaonyesha njaa.

Namba zinasema nini?

Kama presha ni nzuri kwenye ralanti na inaanguka wakati wa mzigo, njia imebanwa mahali fulani. Pima mbele ya filtre, kisha nyuma yake. Kama mbele iko nzuri na nyuma iko chini, filtre imejaa, ibadilishe. Kama pote mbili iko chini, rudi nyuma: tiyo iliyokunjika, chujio ya tanki, kofia, ao pompe ndogo yenyewe.

Kama presha iko chini saa zote, kuna mawili makubwa: pompe ndogo imechoka, ao vali ya kurudisha imelegea na inaachilia mazutu yote irudi tanki. Katika motere hizi za zamani, bana kidogo tiyo ya mpira inayorudi tanki, kwa sekunde chache tu. Presha ikipanda mbio, pompe iko na nguvu, vali ndiyo imechoka. Isipopanda, angalia pompe ndogo na kile inachonyonya.

Kama sindano ya manometre inarukaruka na haitulii, shuku hewa. Hapa watu wengi wanadanganyika, maana wanatafuta mahali mazutu inadondoka. Kati ya tanki na pompe ndogo, tiyo inanyonywa, haisukumwi. Kama kuna ufa pale, mazutu haitoki nje. Hewa ndiyo inaingia ndani. Tiyo inabaki kavu na motere inakohoa. Weka kipande cha tiyo yenye kuonyesha ndani mbele ya pompe ndogo, uangalie mapovu. Kisha kaza kolye, badilisha mpira uliopasuka, angalia jwe za rakori.

Tukumbuke pia kwamba tunaishi juu. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Pompe inaponyonya, ni uzito wa hewa unaosukuma mazutu kutoka tanki, na huku juu ile hewa ni nyepesi. Tiyo mbaya ambayo ingevumilika Uvira inaweza kushindwa gari ikikaribia Bukavu.

Bila manometre, njiani

Kuna majaribio mawili. La kwanza: gari ikiwa imesimama na tairi zimezuiliwa, motere ikikohoa, konvoyere apige pompe ya mkono. Kama motere inatulia kila anapopiga, upande wa kulisha ndio mgonjwa.

La pili ni la bido. Chukua bido safi yenye mazutu safi, uunganishe tiyo fupi mpya mpaka pompe ndogo, na tiyo ya kurudi uipeleke mulemule. Bido iwe sawasawa na urefu wa tanki. Ukiiweka juu, mazutu itashuka yenyewe na itaficha ugonjwa. Ifunge imara, mbali na tiyo ya moshi. Kama motere inapona, shida iko kwenye tanki ao tiyo zake. Kama ilikuwa mazutu yenyewe, utajua pia: ile tunayonunua njiani kwa kadhafi saa ingine iko na maji ao imechanganywa na petroli ya taa. Fungua vis ya chini ya filtre, pokea kidogo ndani ya chupa, uache itulie. Maji yatakaa chini.

Presha ikiwa nzuri

Kama manometre imeonyesha presha nzuri hata kwenye mlima, sasa ndiyo saa ya kutafuta silinda. Kwenye motere ya zamani, fundi analegeza ekru ya tiyo ya enjektere moja kwa moja, motere ikiwa kwenye ralanti. Silinda nzima ikikatwa, mlio unabadilika. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo imekufa. Toa enjektere yake peke yake, ipimwe kwenye mashine. Ikiwa nzuri, angalia vali na komprezio.

Lakini tusikilizane vizuri hapa. Jaribio hili ni la motere za zamani tu. Malori mengi mapya yako na reli ya pamoja inayoongozwa na ordinatere, na ndani yake presha inaweza kupita bari 1.600. Usilegeze ekru yoyote ya upande huo motere ikizunguka, na usitafute mahali panapovuja kwa mkono. Mazutu ya presha hiyo inapita ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo sawa vile sindano imechoma, na mwanzoni maumivu yanaweza kuwa kidogo, lakini ndani nyama inaanza kufa, na mtu anaweza kupoteza kidole ao mkono. Ikitokea, usingoje mpaka ivimbe. Nenda hospitali saa ileile na umwambie daktari wazi kwamba ni mazutu ya presha imeingia chini ya ngozi.

Kwenye motere hizo mpya, upande wa kulisha unaweza kupimwa, na zingine ziko na bari 3 mpaka 6 pale. Zingine zina pompe ya kulisha ndani ya pompe kubwa, na mbele yake hakuna presha, kuna kunyonya tu. Presha ya reli yenyewe inasomwa kwa mashine ya diagnostiki, siyo kwa manometre ya kawaida.

Kwa mwenye gari

Hauhitaji kuwa fundi ili kulinda pesa yako. Fundi akikuambia enjektere zote zimekufa, muulize kwa heshima maswali matatu: filtre ilibadilishwa lini? Presha ilikuwa ngapi kwenye ralanti, na ngapi kwenye mlima? Ni silinda gani imekufa, na umejuaje? Fundi anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika. Atakuonyesha namba alizoandika. Kama jibu haliko, omba apime kwanza.

Na wewe shofere, kabla ya kutoka Kamanyola, angalia kofia ya tanki, mwaga maji ya filtre, na uwe na filtre moja ya akiba ndani ya kabini. Kwenye Ngomo, hiyo filtre inaweza kukuokoa na usiku mzima wa kulala juu ya mchele.