Pikipiki ya Baba Isimame kwa Miguu Miwili

Ilikuwa jioni ya masika, mvua imekatika muda si mrefu. Mume wangu alirudi kazini, akaegesha pikipiki uani kama kawaida yake, akaiegemeza kwa stendi ndogo ya pembeni na kuingia ndani kubadili nguo. Mtoto wetu wa miaka minne alikuwa amechuchumaa kando yake, anachora chini kwa kijiti.

Nilimwita aje kunawa mikono ale. Kabla hajamaliza kunawa, tulisikia kishindo. Stendi ilikuwa imezama kwenye udongo uliolowa, na pikipiki imelala ubavu palepale alipokuwa amechuchumaa. Kijiti chake tulikikuta chini ya tangi.

Pikipiki hiyo tuliinunua ikiwa na stendi mbili. Ile kubwa ya katikati, yenye miguu miwili, ilikatika springi ikawa inaning'inia na kugonga kila tuta. Fundi akaing'oa "kwa muda". Muda huo ulifika mwaka mzima, na stendi yenyewe ilikuwa stoo, imefunikwa na magunia. Mzazi mwenzangu, huenda na kwako iko hivyo hivyo.

Kwa nini stendi ndogo haitoshi

Stendi ndogo huiacha pikipiki imeinama kushoto, ikiegemea kichuma kimoja chembamba. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu, kama Boxer na TVS, zina uzito wa zaidi ya kilo 100 kabla hujaweka mzigo. Kwenye sakafu ya saruji hakuna neno. Kwenye mchanga, tope au kifusi kilichomwagwa juzi, kichuma hicho huzama polepole bila mtu kuona, mpaka pikipiki inakwenda chini.

Kuna hatari nyingine. Stendi ndogo hujikunja kuelekea nyuma, kwa hiyo pikipiki ikisukumwa mbele kidogo tu, stendi inaweza kukunjuka na kuiachia. Mtoto anayepanda, anayeshika usukani na kujisukuma akiigiza baba yake, anafanya hilo hilo.

Stendi kubwa huibeba pikipiki ikiwa wima, uzito umegawanyika kwenye miguu miwili na gurudumu moja. Inachukua nafasi ndogo, jambo muhimu kwa sisi tunaoilaza sebuleni kwa kuogopa wezi. Pia hurahisisha kupima oili, kusafisha cheni na kutoa gurudumu la nyuma likipata pancha.

Kuifunga: mambo ya kukagua

Kwa fundi mwenye vifaa, kazi hii si kubwa. Lakini usimwachie pikipiki ukaenda zako. Simama uone mambo haya:

*Stendi iwe ya aina hiyo hiyo ya pikipiki.* Ikiwa fupi, gurudumu halitanyanyuka. Ikiwa ndefu, mwendeshaji atashindwa kuipandisha, na mwisho ataacha kuitumia.

*Pikipiki iwe imepoa, na iwe mahali pagumu na tambarare.* Mtu wa pili ashike usukani muda wote fundi akiwa chini. Watoto wakae mbali.

*Matundu ya fremu yasafishwe.* Stendi hushikwa chini ya fremu, nyuma ya injini, kwa bolti au chuma kirefu kinachopita kwenye bushi. Ikiwa bushi zimelika au chuma kimepinda, vibadilishwe. Stendi inayocheza huleta pikipiki iliyoinama.

*Ikiwa fremu imepasuka hapo inaposhikwa stendi,* itahitaji kuchomelewa. Kazi hiyo ifanyike gereji, tangi la petroli likiwa limetolewa na betri imechomolewa. Kamwe isifanyike uani, karibu na jiko na watoto.

*Grisi ipakwe kabla ya kufunga.* Nati ikazwe vizuri, lakini stendi iendelee kupanda na kushuka bila kukwama. Kama chuma chake kina kipini cha kuzuia kisichomoke, kirudishwe, na kikiwa kimechakaa kiwekwe kipya. Kisipachikwe kipande cha waya.

*Springi ndiyo yenye kazi.* Ni ngumu, na ikiponyoka inaweza kumpiga mtu usoni. Fundi avae miwani ya kazi na asiinamishe uso juu yake. Mafundi wengi huivuta kwa ndoano au kamba ngumu. Wengine huikunja upande huu na huu, wakipachika sarafu kwenye nafasi zinazofunguka hadi springi inarefuka yenyewe. Wakishaipachika kwenye ndoano zake, huishusha stendi na sarafu zinadondoka. Ukiona springi ya zamani imelegea au ina kutu, nunua mpya. Ni kifaa kidogo, lakini ndicho kinachoizuia stendi isishuke pikipiki ikiwa barabarani. Stendi ikishuka kwenye mwendo na kugonga lami wakati wa kukata kona, inaweza kumwangusha dereva na abiria wake.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi aipandishe na kuishusha mara kadhaa. Ikiwa juu, isiguse cheni wala bomba la moshi. Kanyaga pedeli ya breki ya nyuma uone kama inarudi vizuri, maana kwenye baadhi ya pikipiki viko jirani. Kisha pandeni wawili, mzunguke taratibu kwenye tuta mkisikiliza kama kuna kitu kinagonga.

Kuipandisha bila kuumia mgongo

Wengi huacha kutumia stendi kubwa kwa sababu wanainyanyua pikipiki kwa mikono. Hivyo sivyo. Simama upande wa kushoto, mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushike chuma cha nyuma ya kiti. Shusha stendi kwa mguu wa kulia na uiweke pikipiki wima mpaka usikie miguu yote miwili ya stendi imegusa chini. Kisha hamishia uzito wako wote kwenye mguu uliokanyaga stendi, huku mkono wa kulia ukiongoza pikipiki juu na nyuma. Mwili ndio unaofanya kazi.

Mimi nilidhani sitaweza. Nilishindwa mara mbili, ya tatu ikapanda. Kama bado ni nzito, weka kipande cha ubao mwembamba chini ya gurudumu la nyuma kabla ya kuanza.

Kuishusha, sukuma mbele taratibu, na uwe tayari kushika breki ya mbele gurudumu likigusa chini. Kwenye mteremko usiiegeshe ikiangalia chini, maana inaweza kujisukuma yenyewe ikatoka kwenye stendi.

Stendi kubwa si ruhusa ya kupanda

Hapa ndipo wazazi tunapojisahau. Tunamwona dereva wa bodaboda kijiweni amelala juu ya pikipiki kama yuko kitandani, tunaona hakuna shida. Mtoto akijirusha kiti cha nyuma au akisukuma kwa nguvu, stendi kubwa nayo inaweza kukunjuka. Sheria ya nyumbani ibaki moja: pikipiki haipandwi bila mkubwa kuishika.

Gurudumu la nyuma likiwa hewani, linazunguka kirahisi. Usisafishe cheni injini ikiwa inawaka na gia imeingia. Vidole hukatika kwa namna hiyo, vya mtu mzima na vya mtoto. Zima injini, toa gia, zungusha kwa mkono. Mtoto asiwe karibu.

Bomba la moshi hubaki la moto muda mrefu baada ya safari. Egesha upande wa bomba ukielekea ukutani. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno, mafuta wala unga, kisha mpeleke kituo cha afya. Na kama pikipiki inalala ndani, isiwe chumba kimoja na jiko la mkaa, mshumaa au kibatari. Mvuke wa petroli hushika moto hata kama huoni inavuja.

Jumamosi ile

Jumamosi iliyofuata, stendi ilitolewa chini ya magunia. Tulinunua springi mpya na bushi, fundi akamaliza kabla ya adhuhuri. Mume wangu alimwaga zege kidogo pale uani, mraba wa kutosha kusimamishia pikipiki.

Lilipokauka, alimpa mtoto chaki, wakachora pamoja mstari kuuzunguka mraba, hatua mbili kutoka kwenye pikipiki. Akamwambia huo ni mpaka, hauvukwi mpaka baba awepo. Mvua hufuta mstari huo karibu kila wiki. Mtoto ndiye anayekumbusha uchorwe upya.