Kompresa isiyojaza upepo

Ukiulizia kompresa pale stendi ya Bariadi utaelekezwa moja kwa moja kwa fundi wa matairi anayejaza upepo. Kompresa ninayoizungumzia wiki hii ni nyingine. Haina mpira wala haipigi kelele. Kazi yake ni kubana sauti ya mwimbaji inapopanda mno.

Nimeulizwa habari zake na vijana wa kwetu Nkoma, wilayani Itilima, sehemu iliyokuwa chini ya Wilaya ya Bariadi kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Vijana hao wana kompyuta, maikrofoni moja na chumba kimoja chenye paa la bati. Humo wanarekodi kwaya, na siku hizi wameanza kuwarekodi manju wa ngoma. Swali lao lilikuwa fupi: kwa nini manju akipaza sauti inakwaruza, na akiishusha maneno hayasikiki?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma yanayoshindana baada ya mavuno, hayashindani kwa kucheza peke yake. Manju hutunga, husifu, hukejeli na kutaja watu kwa majina. Neno moja akilitamka kwa sauti ya chini linaweza kuwa ndilo lililobeba wimbo mzima. Likipotea kwenye rekodi, aliyebaki ni mtu anayepiga kelele tu.

Uwanjani masikio yetu humfuata manju anapopanda na kushuka. Maikrofoni haina hekima hiyo. Nayo kompyuta ina dari yake, ambayo mafundi huiita desibeli sifuri. Sauti ikiigonga dari hiyo hukatwa kichwa, na huo ndio mkwaruzo mnaousikia. Mkwaruzo ukishaingia kwenye rekodi, kompresa haiuondoi.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo za wenyeji, alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mwenyewe na kuisogeza kadiri wimbo ulivyokwenda. Katika vituo vya redio, fundi alikaa na kidole kwenye kitufe, akipunguza pale mtangazaji alipopaza, kwa sababu mitambo ya kurushia matangazo haivumilii sauti inayoruka ghafla. Ndipo zikatengenezwa mashine za kumpumzisha fundi huyo. Mojawapo iliyopata sifa ni LA-2A, iliyobuniwa na Mmarekani Jim Lawrence katika miaka ya 1960. Ndani yake mna taa na kipande kinachohisi mwanga. Sauti ikipanda, taa huwaka zaidi, na mwanga huo ndio unaosababisha sauti ipunguzwe. Leo kazi hiyo hiyo hufanywa na programu ndani ya kompyuta.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kugusa kompresa, tengenezeni chumba. Tundikeni mablanketi ukutani, na kama ni msimu na nyumbani mna maroba ya pamba, yapangeni nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa pamba hunyonya mwangwi vizuri. Mwimbaji asimame shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Akifika mahali pa kupaza, arudi nyuma shubiri nyingine. Umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na hiyo ni kompresa ya bure. Kisha mwambieni aimbe sehemu yake kali kuliko zote, nanyi mpunguze nguvu ya maikrofoni hadi mshale usipite desibeli 10 chini ya dari.

Kwenye kompresa mtakuta vitufe vinne vya msingi. Cha kwanza ni kizingiti, ambacho mafundi hukiita treshodi. Sauti iliyo chini ya kizingiti hupita bila kuguswa. Iliyokivuka ndiyo inayobanwa. Cha pili ni uwiano, yaani reshio. Ukiweka 3 kwa 1, sauti iliyokivuka kizingiti kwa desibeli 9 itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 3 tu. Anzeni na uwiano huo, kisha shusheni kizingiti polepole hadi mshale uonyeshe kwamba mahali pa kupaza panabanwa kwa desibeli 3 hadi 6. Mahali pa utulivu mshale usitikisike.

Kitufe cha tatu ni ataki, yaani muda ambao kompresa inachukua kabla ya kubana sawasawa. Ikiwahi mno, humeza herufi za mwanzo, na maneno yenye k, t na p hulegea kama yametamkwa na mtu asiye na meno. Anzeni na milisekunde 10 au 15. Cha nne ni rilizi, muda wa kuachia. Kwa sauti ya mwimbaji, anzeni na milisekunde 100. Ikiwa fupi mno, kila pumzi inaruka mbele kama ya mtu aliyepanda mlima. Ikiwa ndefu mno, neno la chini linalofuata hubanwa bure wakati halina kosa.

Baada ya kubana, sauti yote huwa ndogo, nanyi mtaiongeza. Hapo kuweni na tahadhari. Mkiongeza sauti ya manju, mnaongeza pia jogoo wa jirani, upepo kwenye bati na mlio wa feni. Tena, sikio la binadamu hudanganyika kwa urahisi na hupenda kitu chenye sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo mnapolinganisha rekodi iliyobanwa na isiyobanwa, hakikisheni zote mbili zinasikika kwa ukubwa ule ule. Kama iliyobanwa haiyafanyi maneno yasikike vizuri zaidi, punguzeni.

Vilevile, ngoma isipigwe chumba kimoja na mwimbaji. Rekodini ngoma kwanza, kisha manju aisikilize kwa hedifoni huku akiimba. La sivyo kila pigo la ngoma litaisukuma kompresa, na sauti ya mzee itazama kila ngoma inapolia.

Jambo la mwisho ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Hifadhini rekodi mbichi. Programu hubana sauti baada ya kurekodiwa, hivyo mnaweza kubadili mawazo hata baada ya mwaka. Lakini mkitumia mashine ya kubana kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, kilichobanwa kimebanwa moja kwa moja. Mwenye mashine ya namna hiyo aiweke ibane kidogo sana.

Katika rekodi walizoniletea vijana hao kuna ya mzee mmoja ambaye sasa kifua kinamsumbua, na hatazamiwi kuimba tena. Rekodi yake waliyoitayarisha imebanwa hadi kunong'ona na kupaza vimekuwa kitu kimoja. Niliwauliza kama wanayo mbichi. Wanayo. Tuliisikiliza pamoja, tukalegeza uwiano na kupandisha kizingiti, na ubeti wa tatu, ambao mzee anautaja ukoo wake kwa sauti ya chini, ukasikika neno kwa neno. Nakala moja wamempelekea mwenyewe.

Mimi naishia hapo kwa leo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.