Mavazi ya dereva wa lori: Buti halizuii sala

Mkazi wa Upanga huishi baina ya majirani wawili. Upande mmoja ni Kariakoo, ambako malori hushusha vitambaa, vyombo na vipuri ili asubuhi maduka yafunguliwe yakiwa yamejaa. Upande wa pili ni Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Taasisi ya Mifupa (MOI), ambako huletwa walioumia barabarani kutoka pembe mbalimbali za nchi. Kati ya majirani hao yupo dereva. Ndiye aletaye bidhaa sokoni, na ndiye ambaye, Mwenyezi Mungu apishe mbali, anaweza kuletwa hospitalini au kusababisha mwingine aletwe. Wiki hii tumeona ni vyema familia zetu zizungumze jambo linalodhaniwa kuwa dogo: dereva huyo anapotoka nyumbani, huwa amevaa nini?

Aghalabu jibu tunalijua. Ni fulana, pensi au msuli, na kandambili miguuni. Sababu zake si za utovu wa adabu. Joto la Dar es Salaam ni kali, na ndani ya kichwa cha lori joto la injini huongezeka juu ya lile la jua. Tena iko sababu nyingine ambayo tumeisikia kwa madereva Waislamu wengi: kandambili humrahisishia udhu. Huzivua, akaosha miguu, akasali, akaendelea na safari. Buti, wanasema, ni mzigo kwa mtu wa sala tano.

Sababu hii ya pili inatokana na kuipenda ibada, nasi twaiheshimu. Lakini inahitaji kutazamwa upya, kwa kuwa imejengwa juu ya kutojua wepesi ambao dini yenyewe imeuweka.

Tuanze na hatari. Kandambili haishikani na mguu. Ikilowa au ikipata mafuta huteleza juu ya pedali, na ikivuka huweza kuingia chini ya breki wakati ambapo breki ndiyo inayohitajika. Anayeteremka mlima Kitonga na shehena nyuma yake hana nafasi ya kuinama kutafuta kiatu. Na kazi ya dereva haiishii kwenye usukani. Hupanda kufunga turubai, hufungua milango ya kontena, hubadilisha tairi, husimama karibu na vyuma vinavyoshushwa. Kidole cha mguu kilicho wazi hakina kinga hapo. Msuli nao, sawa na kanzu, hunasa kwenye ngazi ya lori mtu anaposhuka kwa haraka. Kanzu ni vazi la heshima, na mahali pake ni ndani ya begi, ikisubiri msikiti.

Basi avae nini? Avae buti gumu lenye kisigino kisichoteleza, linalofunika vifundo vya miguu. Avae suruali isiyobana wala kuburura, na shati la pamba. Awe na koti la riflekta mkononi, si chini ya godoro, ili lori likiharibika usiku aonekane kabla hajaweka pembetatu barabarani. Awe na sweta, kwani zaidi ya kilomita 900 baina ya Dar es Salaam na Tunduma zina joto la pwani na zina baridi ya Makambako. Dada zetu wachache walioingia katika kazi hii nao wavae hijabu iliyobanwa vizuri, isiyoacha ncha za kuning'inia kwenye usukani au kwenye vyuma.

Abebaye mafuta ana hadhari ya ziada. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likashika moto na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Baadhi ya majeruhi waliletwa hapa Muhimbili. Mavazi hayakuwa chanzo cha msiba ule, wala hakuna vazi la kazi ambalo lingeuzuia. Lakini ulitukumbusha jinsi moto wa petroli ulivyo mwepesi kuwaka. Nguo za nailoni na poliesta zikisuguana huweza kutoa cheche za umeme, na zikiungua huyeyuka zikagandia ngozi. Kwa mtu huyu pamba nzito ni sehemu ya kinga yake.

Sasa turejee kwenye udhu. Imepokewa kutoka kwa sahaba Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) safarini. Mtume alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata ikambidi aitoe mikono yake kwa chini ya vazi ili atawadhe. Al-Mughira alipoinama kumvua khofu, yaani viatu vya ngozi vinavyofunika mguu, Mtume alimkataza, akamweleza kuwa alizivaa miguu ikiwa tohara, kisha akapangusa juu yake. Humo tunajifunza mambo mawili: kwamba Mtume mwenyewe alivaa safarini vazi la safari, na kwamba kiatu kilichofunika mguu hakikuwa kizuizi cha sala.

Wanazuoni wameyaweka masharti. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, kiatu kivaliwe baada ya udhu kamili, kifunike mguu pamoja na vifundo, kiwe tohara, kiwe madhubuti kiasi cha kutembelewa, na kisipenyeze maji kwa urahisi. Akitimiza hayo, msafiri hupangusa kwa siku tatu na mausiku yake, na asiye msafiri kwa mchana na usiku mmoja. Muda huanza kuhesabiwa tangu udhu wa kwanza unapotenguka baada ya kuvaa. Hivyo dereva wa Tunduma ana siku tatu, na mwenzake anayezunguka baina ya bandari na Kariakoo ana siku moja. Akivua buti baada ya kupangusa, aoshe miguu kabla ya kusali. Akipatwa na janaba, sharti avue na kuoga. Na nyayo za buti zikiwa na najisi, zioshwe au livuliwe.

Tazama basi hekima yake: buti linalopanda juu ya vifundo ndilo linalomkinga dereva zaidi, na ndilo hilo hilo linalokubalika kupanguswa. Kiatu kifupi kinachoishia chini ya vifundo humpunguzia yote mawili. Anayekwenda dukani kununua na alikumbuke hilo.

Liko jambo jingine linalotuhuzunisha. Tumewaona madereva na matingo wakisimama nje ya msikiti, wakiona haya kuingia kwa sababu ya ovaroli iliyochafuka. Ndugu zetu wajue kuwa grisi na oili ya injini ni uchafu, si najisi. Nguo yenye doa la oili haibatilishi sala. Linalotakiwa ni kuiondoa grisi nzito iliyoganda kwenye viungo vya udhu, kwa kuwa huzuia maji kufika kwenye ngozi. Aliyepakia ng'ombe kwa ajili ya mnada wa Pugu ni tofauti: kinyesi na damu ni najisi, naye atahitaji nguo nyingine. Hata hivyo, Qur'ani katika Surat Al-A'raf imetuelekeza tujipambe tuendapo kusali, na staha ya jamaa walio safuni ina haki yake. Ndiyo maana tunasema begi la dereva lisikose kanzu safi au msuli na shati, kofia, taulo, sabuni na mswala. Pensi fupi inayoacha magoti yakipanda ifikirie pia stara, kwani uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti.

Tunawageukia wenye malori, ambao miongoni mwao wamo wengi tunaosali nao safu moja hapa Upanga na Kariakoo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kabla ya sheria hiyo, Mtume (S.A.W.) alikwishatufundisha, kwa mapokezi ya Abu Dharr (R.A.), kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, na tuwavishe katika tunachovaa. Tajiri anayebadilisha tairi lililochakaa asiache mguu unaokanyaga breki ukiwa na kandambili, wala asimkate dereva mshahara kwa ajili ya buti.

Mwisho ni sisi wa nyumbani. Mama na mke ndio mara nyingi huandaa begi la safari, na watoto husimama mlangoni kuaga. Kabla ya dua ya safari, na atazamwe miguuni. Kama ni kandambili, aambiwe kwa upole avae buti akiwa na udhu wake, na mtoto apewe kazi ya kulileta. Kandambili ziingie begini kwa ajili ya kuoga. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na dereva anayejilinda hulinda pia watoto wa wengine walio njiani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awakubalie sala zao za safarini, na awarejeshe kwa watu wao wakiwa wazima. Amin.