Kutu ya Nyiragongo na Gari la Michezo la Zamani

Mabati hayadumu Rusayo. Kijiji hicho kiko upande wa magharibi wa mlima Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, na upepo wa huko, ambao mara nyingi huvuma kutoka mashariki, hukishushia moshi wa volkano. Bati lililopigiliwa likiwa jipya na linang'aa hugeuka rangi ya udongo, likaanza kutoboka kwenye misumari, kisha mistari ya kutu ikateremka ukutani. Mwenye nyumba anajua kwamba atanunua mengine muda mrefu kabla ya jamaa yake anayeishi mbali na moshi huo. Yeyote anayefikiria kununua gari la michezo la zamani lililolala miaka mingi katika eneo hili angefanya vema kutazama mapaa ya majirani kabla hajafungua boneti. Mapaa yatamweleza hewa ya pale imekuwa ikifanya nini kwa chuma.

Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, ulikuwa na ziwa la lava linalochemka katika kreta yake tangu baada ya mlipuko wa 17 Januari 2002 hadi ule wa 22 Mei 2021. Katika miaka hiyo ulihesabiwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa duniani vya gesi ya salfa dioksidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hewani huwa asidi ya salfa. Hutoka pamoja na gesi za klorini na florini, nazo hushuka na mvua. Zinki inayolinda bati huyeyuka polepole, kisha zamu ya chuma kitupu hufika. Karatasi ya chuma ya gari lililotengenezwa mwaka 1970 kwa kawaida haikuwa hata na hiyo zinki. Ilikuwa na rangi tu, na pengine lami kidogo upande wa chini.

Chukulia Datsun 240Z. Hakuna gari la michezo la zamani lenye jina zito zaidi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda mbio za magari za Safari akiwa na Hans Schüller katika gari la aina hiyo, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia katika Datsun, lakini ya aina nyingine. Gari hili lilitengenezwa tangu 1969 hadi 1973, na injini yake ya silinda sita, L24, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Zaidi ya nusu karne baadaye, linaposimama nyuma ya ua likiwa na matairi yaliyokufa, adui yake si vumbi la Safari. Ni maji yaliyotulia mahali yasipoonekana.

Gari hilo halina shasi ya kujitegemea kama Land Cruiser. Bodi yenyewe ndiyo mifupa: sakafu, vizingiti vya milango, reli za chini na minara inayoshika shokomzoba vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi si kama injini itawaka. Swali ni kama kuna chuma cha kutosha cha kuishikilia. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: huleta betri, humwaga petroli kidogo kwenye kabureta, injini ikikohoa na kuwaka wanashangilia, na bei inapanda papo hapo. Injini inaweza kununuliwa nyingine. Bodi iliyooza ndani hugharimu miezi ya kukata na kuchomelea, na fundi asiyepima vizuri huishia na gari ambalo milango yake haifungi.

Kazi huanza chini. Gari huinuliwa kwa jeki, likategemezwa vizuri kwa vigingi vya chuma, kamwe si kwa mawe ya lava yaliyopangwa, maana mawe hayo mepesi yenye matundu huweza kupasuka ghafla. Zulia linatolewa lote. Chini yake 240Z ina tabaka la lami lililobandikwa kiwandani kupunguza kelele, na tabaka hilo ndilo linaloficha mengi: juu linaonekana zima, chini yake sakafu imekuwa laini kama biskuti iliyoloa. Bisibisi yenye ncha butu inatosha. Mahali penye uzima hurudisha mlio mkavu. Mahali palipooza bisibisi huzama.

Kisha zinafuatwa reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Ni mabomba bapa yaliyotengenezwa kwa karatasi nyembamba, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Baada ya hapo, sehemu ya betri, nyuma ya chumba cha injini. Asidi ya betri imekuwa ikidondoka pale tangu gari lilipokuwa jipya. Imekula kibao, ikateremka hadi ukuta unaotenganisha injini na abiria, na mara nyingi ikaifikia reli iliyo chini yake. Fundi aliyeona magari kama haya huenda hapo moja kwa moja hata kabla ya kusalimiana na mwenye mali.

Vizingiti vya milango ni mtihani wa kweli. Mkaguzi hufungua mlango taratibu gari likiwa bado limesimama kwa matairi, hutazama nafasi kati ya mlango na bodi, kisha huinua gari kwa jeki nyuma kidogo ya tairi la mbele na kutazama tena. Nafasi ikibadilika, mlango ukaanza kugusa juu au kukataa kufunga, bodi inapinda katikati. Gari la namna hiyo bado linaweza kuokolewa, lakini na mtu mwenye fremu ya kulifunga ili lisiende upande wakati wa kukata, na kwa bei ambayo muuzaji hataipenda.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ili isikwaruze rangi, hufanya kazi ambayo macho hayawezi. Ikivutwa vizuri kwenye mlango kisha ikaanguka kwenye ubavu wa nyuma mbele ya tairi, pale pana puti, si chuma. Ubavu huo huoza mara nyingi kwenye 240Z, na tofauti na bawa la mbele, umechomelewa. Bawa la mbele limefungwa kwa boliti; likiwa limeoza, hasara yake ni ndogo, hulegezwa na kubadilishwa. Ndiyo maana kutu inayoonekana vibaya zaidi kwa mpita njia inaweza isiwe na uzito wowote, na ule uvimbe mdogo wenye rangi nzuri nyuma ya mlango ukawa ndio unaoamua. Kutu huvimba kuliko chuma ilichokila. Rangi inapoinuka kwa juu, ujue kazi ilianzia ndani zamani sana.

Goma, mji ulio chini ya mlima huo, ina mafundi wa bodi, ambao wengi mjini huwaita tolye, waliojifunza kazi hii mahali pagumu. Barabara za mji zimepita juu ya lava ya 1977 na ya 2002, na mawe hayo hupiga sakafu na kuchubua rangi ya chini ya kila gari linalopita, hivyo unyevu wenye asidi hukuta mlango uko wazi. Fundi wa hapa hukutana na sehemu zilizooza kwa wingi kuliko mwenzake wa mji mkavu. Ujuzi huo ni mali, na inasikitisha kwamba hauandikwi popote. Anachokosa mara nyingi ni vifaa: mashine nzuri ya kuchomelea kwa gesi ya kinga, umeme usiokatika katikati ya mshono, na karatasi ya chuma yenye unene unaolingana na ule wa kiwanda. Kiraka kinene kilichochomelewa kwa fimbo juu ya karatasi nyembamba hupitisha joto kupita kiasi, kinaikunja, na kutu hurudi kwa kuzunguka ukingo wake. Mnunuzi anapokuta viraka vya namna hiyo, avihesabu kuwa kazi ya kubomoa, si kazi iliyokwisha fanywa.

Sasa injini. Haistahili kuwashwa siku ya kwanza. Plagi zinatolewa, mafuta kidogo yanamiminwa katika kila silinda, yanaachwa yapenye, kisha injini inazungushwa kwa spana kwa mkono. Ikizunguka, mgandamizo unapimwa, na hapa mkaguzi wa Goma anahitaji kujua jambo ambalo kitabu kilichoandikwa kwa watu wa pwani hakimwambii. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la Mombasa. Silinda ambayo Mombasa ingeonyesha pauni 170 kwenye geji, hapa itaonyesha takriban 140 ikiwa na afya ile ile. Watu wamezikataa injini nzima kwa kutojua hilo. Kinachotazamwa zaidi ni kulingana: silinda sita zikikaribiana, ni dalili njema, moja ikianguka mbali na nyingine, kuna pete, vali au gasketi ya kichwa ya kushughulikiwa. Kabureta mbili za Hitachi nazo, kama zilirekebishwa usawa wa bahari, zitamimina petroli nyingi mno kwa hewa hii nyepesi, na plagi nyeusi zenye masizi zisichukuliwe mara moja kuwa injini imechoka.

Nyaraka zina kutu yake. Namba ya bodi imepigwa chapa kwenye ukuta wa injini, na lazima ilingane na kibao na pia na carte rose, yaani hati ya usajili wa gari. HS30 ni gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani. HLS30 ni la usukani wa kushoto. Gari lililotoka Kenya au Uganda litakuwa na usukani upande wa kulia, na Kongo huendesha kulia barabarani. Kuuhamisha usukani kwenda kushoto maana yake ni kukata ukuta wa injini na dashibodi, yaani kuharibu kilichobaki kizima. Bora lisalie lilivyo.

Gharama ya vipuri ndiyo huwazindua wengi. Sakafu, reli na vizingiti vya 240Z hutengenezwa upya Marekani, Ulaya na Japani, hivyo vinapatikana. Kuvifikisha ni jambo jingine. Kontena lililoshushwa Mombasa lina zaidi ya kilomita 1,500 za barabara na mipaka kadhaa kabla ya Goma. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, na hata kulipia kitu kidogo kilichoagizwa nje kukawa safari ya kuvuka mpaka hadi Rubavu, Rwanda. Hesabu ya ukarabati ambayo haikuweka muda wa kusubiri ndani yake ni hesabu ya uongo.

Je, gari lifufuliwe lote? Si lazima. Mwaka 2013 kikundi cha wafanyakazi wa Nissan wanaokarabati magari ya kihistoria kililirudisha barabarani gari lenyewe lililoshinda Safari ya 1971. Hao walikuwa na michoro, kiwanda na kumbukumbu nyuma yao. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliendea njia nyingine: Volvo PV544 aliyoshindia Safari ya 1965 ilikuwa ya mitumba, iliyokwisha tumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Alianza na gari lililokwisha tumika, akaliandaa kwa mbio. Kwa mwenye gari wa Goma, mfano wa Singh una manufaa zaidi. Chuma kinachobeba uzito kifanywe upya bila mzaha, breki na mabomba ya petroli vibadilishwe vyote, lakini rangi iliyochakaa na viti vilivyopauka vinaweza kungoja, au kubaki hivyo daima. Tangu 2003 mbio za magari ya kale za Safari zimekuwa zikirudisha magari ya miaka hiyo kwenye vumbi la Kenya na Tanzania. Björn Waldegård, dereva wa Sweden, alizishinda mwaka 2011 akiwa na miaka 68, katika Porsche 911. Huko kinachotakiwa ni bodi isiyopinda.

Na likishindwa mtihani wa vizingiti, bado lina thamani ya vipande. L24 nzima, giaboksi, vioo na kabureta zake mbili vinaweza kulikamilisha gari jingine lililokwama Nairobi au Kampala. Bei basi iwe ya vipande.

Anayeamua kulichukua ana kazi ya haraka kuliko kuchomelea, nayo ni kusimamisha uharibifu. Matundu ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti yazibuliwe. Gari liwekwe chini ya paa lenye kuta zinazopitisha hewa. Turubai lililokazwa juu yake hufungia unyevu ndani usiku kucha. Tope lililoganda juu ya matairi, ambalo limebeba majivu ya volkano, lioshwe mpaka litoke lote. Kwa kazi hiyo pipa la maji ya mvua lililokingwa chini ya paa, hasa upande wa Rusayo na Sake, liachwe kando, maana ndiyo maji yaliyoshuka na asidi. Maji ya Ziwa Kivu yana alkali, yanafaa zaidi, mradi chuma kikaushwe juani kabla ya jioni kuingia.