Rubani wa Wilson na Rubani wa Embakasi

Ingia darasa lolote hapa Ruring'u uulize nani anataka kuwa rubani. Mikono itainuka tele. Uliza tena, rubani wa shirika gani? Utajibiwa kwa sauti moja: Kenya Airways! Nami nilikuwa katika kundi hilo, ndiyo maana bwenini huniita Kapteni. Lakini nilipochunguza mambo haya, kumbe kuna hesabu ambayo hatukuipiga.

Leseni ya rubani wa kulipwa hapa Kenya hudai takriban saa 200 za kuruka. Saa hizo hununuliwa. Ndege, mafuta, mwalimu, vyote ni juu ya mzazi, na wapo wazazi wanaouza shamba. Haya, leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa ya abiria, hudai saa 1,500. Zimebaki 1,300. Nani atazilipia? Mzee akishauza shamba, hana la pili.

Hapo ndipo kampuni ndogo za uwanja wa Wilson zinapomfaa kijana. Ndizo zenye ndege kama zile ziendazo Nanyuki, Lamu na Maasai Mara. Ukipata kazi huko, saa zako zinaongezeka huku ukilipwa. Tena unajifunza kwa mikono. Rubani wa Cessna Caravan aweza kutua Keekorok, akapaa, akatua Ol Kiombo, kisha Musiara, yote asubuhi moja, kwenye viwanja vya vumbi ambako huenda pundamilia wakafukuzwa kwanza. Mizigo ya abiria pia huibeba yeye, jamani! Sasa mtazame mwenzake wa Embakasi anayekwenda New York, safari iliyoanzishwa na Kenya Airways mwaka 2018. Ni saa kumi na tano hivi, marubani wanne, na ndege hupaa mara moja na kutua mara moja.

Nanyuki penyewe ni shule. Uwanja uko juu ya futi 6,000, hewa ni nyembamba. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hayapati hewa ya kutosha kuyainua, hivyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, hasa mchana jua likiwaka. Ndiyo sababu abiria wa ndege hizi huambiwa mzigo usizidi kilo 15. Si uchoyo, ni fizikia.

Wala nisiwadanganye, kazi hii ina hatari. Mnamo Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale ilianguka katika milima ya Aberdare, hii hii tunayoiona kutoka hapa Nyeri, wakafa watu wote kumi. Ndege ndogo hupita chini, penye mawingu na vilele. Ile kubwa huruka juu ya hayo yote.

Shirika kubwa lina mshahara mnono, chama cha kutetea marubani, na mitambo ya kuigiza safari ambamo injini "huzimika" bila mtu kuumia. Lakini lina foleni. Katika mashirika mengi makubwa, anayeingia leo huanzia mkiani hata akiwa na maelfu ya saa, na ukapteni huja zamu yake ifikapo. Kazi zikipungua, kama ilivyotokea kote duniani wakati wa korona mwaka 2020, mara nyingi walio mkiani ndio huondoka kwanza.

Mtu akidhani Wilson ni ya walioshindwa, amtazame Irene Koki Mutungi. Alianza kujifunza kuruka hapo hapo. Akawa rubani mwanamke wa kwanza wa Kenya Airways, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Basi mwalimu akiuliza tena darasani, mimi nitajibu Wilson. Bwenini bado wananiita Kapteni, ila siku hizi wanaongeza, "wa pundamilia."